Tela la kulala na bahari ya Tanga: maelekezo kwa wastaafu wawili

Wastaafu wengi wanasema wakipata mafao wataenda kupumzika baharini, alafu mafao yakitoka yote yanaishia kwenye banda la kuku. Kama nyie mmebahatika mna tela la kulala, iwe karavani ya mtumba au lile alilochomelea fundi juu ya ekseli ya pickup, basi someni hapa namna ya kukaa nalo pwani ya Tanga wiki mbili tatu bila kugombana na bila kuvutwa na trekta.

Nendeni demani, yani mwezi wa tisa mpaka katikati ya wa kumi hivi. Kusi, ule upepo wa kusini, inakuwa imechoka, kaskazi haijaingia, mvua za vuli bado hazijakolea, na watoto wakiwa shule fukwe zimetulia. Masika msithubutu, mwezi wa nne tela linazama kwenye tope kabla hata hamjaiona bahari.

Sasa ndani ya hiyo demani angalieni mwezi wa angani, sio kalenda ya ukutani tu, na hapa ndo watu wa bara wanapopotea. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanatoka mbali kweli kweli na yakirudi yanarudi na vyote, kwa pwani ya Tanga tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu. Siku za bamvua maji yamekauka kabisa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, na tena saa kumi alfajiri mkiwa mmelala. Maji mafu ni kinyume, asubuhi saa nne ndo yamejaa. Kila siku yanachelewa karibu saa nzima kwa hiyo mkishajua leo mnaweza kupiga hesabu ya kesho kwa vidole. Mzee anayetaka kuoga baharini asubuhi jua halijawa kali aende wiki ya maji mafu, anayetaka kutembea kwenye miamba na kuangalia akina mama wanavyochokoa pweza aende bamvua. Mkikaa wiki mbili mnapata vyote.

Na hii ndo sababu mtu anafika siku ya maji mafu, anaona mchanga mzuri mgumu, anaegesha tela hapo hapo karibu na maji anajipongeza, wiki moja baadae alfajiri anasikia kitu kinapiga kwenye rimu. Kabla hamjaegesha tafuteni ule mstari wa mwani mkavu, vifuu na makopo ya plastiki uliolala juu kabisa ya ufukwe. Hapo ndipo bahari ilipofika mara ya mwisho ilivyojaa sana, nyie kaeni juu yake, hatua nyingi tu juu yake. Alafu inua kichwa. Kama kuna mnazi una madafu basi hapo sio kivuli, sogezeni. Mkwaju au mkungu kama upo ndo mzuri.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye kupakia, maana safari nyingi zinaharibikia nyumbani. Vitu vizito vikae chini na mbele kidogo ya ekseli, na uzito unaoshuka kwenye hukku, pale tela linaposhikana na gari, uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela, unaweza kupima kwa mzani wa kupimia magunia. Nyuma kukizidi, mkifika spidi ya 80 tela linaanza kucheza mkia, na likicheza usikanyage breki kwa hasira wala usikate usukani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, litatulia lenyewe. Maji lita 100 ni kilo 100, msijaze tenki Dar wakati Tanga maji yapo. Mama atataka kubeba kinu, sufuria ya pilau la watu ishirini na mto wake wa miaka yote, kwenye mto mkubalie.

Tela lina namba yake na bima yake, hakikisha zote ziko hai, na taa za breki na indiketa zinawaka maana trafiki akikusimamisha anaanzia huko nyuma. Beba spea tairi ya tela lenyewe, ya gari mara nyingi haiingii.

Njia. Kutoka Dar mimi naona bora mpite Bagamoyo mtokee Msata, ni lami kama kilomita 64, mnakwepa malori ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze. Mkitoka Msata mnashuka Wami, daraja jipya ni pana sio kama lile la zamani la gari moja moja, lakini mteremko bado ni mteremko, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka sio katikati. Kwenye vijiji ni 50, tochi zipo. Kila mkisimama, Mkata au Segera, zunguka tela uguse katikati ya rimu kwa mgongo wa mkono. Joto la kawaida ni sawa, ikiwa inaunguza mpaka unarudisha mkono basi bearingi imeanza kufa na hapo ndo pa kumtafuta fundi na grisi, sio kusema tusogee sogee tutafika. Simameni kila saa mbili hata kama hamjachoka, miguu ya umri wetu ikikaa imekunjwa inavimba. Kutoka Segera mpaka Tanga ni kama kilomita 70 tu, mashamba ya mkonge kushoto na kulia, na Muheza mnanunua machungwa.

Kurudisha tela nyuma ndo kunavunja ndoa za watu. Kuna njia moja rahisi: weka mkono chini kabisa ya usukani, pale namba 6 inapokaa kwenye uso wa saa, alafu unapotaka mkia wa tela uende peleka mkono huko huko. Kushoto kwa kushoto. Pole pole, ukiona linajikunja mno nenda mbele unyooshe uanze tena, hakuna anayekudai. Na kabla mke hajashuka kuongoza kubalianeni ishara, kwa sababu "njoo njoo njoo" bila "basi" inaishia kwenye mti. Sheria iwe moja tu, dereva asipomuona mwenzie kwenye kioo anasimama hapo hapo.

Wapi pa kukaa? Kuna kambi na hoteli za ufukweni zinazopokea mahema na magari barabara ya Tanga kwenda Pangani, upande wa Kigombe, na ng'ambo ya mto Pangani kuna Ushongo. Pigeni simu kwanza muulize kama geti linaingiza tela na kama umeme upo. Mkipenda kukaa karibu na kijiji nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji mjitambulishe, ni adabu na pia ni ulinzi. Kwenye mchanga laini punguza upepo wa matairi mpaka kama psi 18, tembea bila kusimama, ukirudi kwenye barabara ngumu jaza tena, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni lazima.

Umeme: sola moja ya juu ya paa na betri ya 12 volti inatosha taa, simu na feni. Friji ndogo ni muhimu kama mmoja wenu anachoma insulini. Mtungi wa gesi ukae nje, na jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela usiku hata kama kuna upepo, hewa yake inaua mtu usingizini bila kukohoa. Chandarua ni lazima. Dawa za presha na sukari bebeni za siku za ziada, na kadi za bima ziwe kwenye pochi sio chini ya godoro, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo pale Tanga mjini.

Miguuni vaeni yeboyebo au raba za zamani mkiingia majini, kwenye miamba kuna wale wadudu wa miiba mieusi na mwiba wake unabaki ndani. Na mkipita kijijini jifunikeni, mzee na bukta ya kuogelea mbele ya msikiti haipendezi.

Chakula msijisumbue kupika sana. Vyombo vya wavuvi vikirudi nunueni changu au kibua hapo hapo, angalia jicho limeng'aa na shavu la ndani jekundu. Siku moja ingieni mjini, Ngamiani, mtafute bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kupaka.

Matembezi chagueni kwa magoti yenu. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka mjini njia ya Horohoro, mazuri ila kuna sehemu mnainama mpaka chini, mwambieni muongozaji mapema. Magofu ya Tongoni ni rahisi, tambarare, yapo kando ya barabara ya Pangani, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo chini ya mibuyu. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya mchanga pande hizo, ikabidi wasubiri maji yajae ndo itoke, na wenyeji wakawapelekea machungwa. Kisiwa cha Maziwe kinafaa siku za bamvua tu asubuhi, maana ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, mnaenda na boti kutoka Pangani au Ushongo, mnalipa ada ya hifadhi, na nahodha akisema tuondoke mnaondoka.

Mkifika nyumbani msilale kabla tela halijapigwa maji baridi, yani yasiyo ya chumvi, chini kwenye chesisi, springi, hukku na ndani ya rimu, chumvi haingoji wiki ijayo. Lipake grisi, toa magodoro yaote jua, funga mtungi wa gesi, na madirisha yabaki wazi siku mbili tatu mpaka unyevu wote utoke.