Kuomba astashahada ya fedha na benki baada ya kidato cha nne

Kujaza fomu yenyewe hakumalizi nusu saa. Wanaokwama hukwamishwa na majina, namba ya simu na kukurupuka kuchagua kozi. Huko ndiko tutakakokaa.

Anza na matokeo yako. Ili uingie NTA ngazi ya 4 (NTA ni mpangilio wa ngazi za masomo ya vyuo), yaani astashahada ya awali, sifa ya kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na ufaulu ni kuanzia D, alama 30 kwenda juu. Masomo ya dini hayamo. Mwenye D tatu na C ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hesabu ya chuo ana masomo matatu tu. Usidanganyike na divisheni pia. Wawili wote wana divisheni four, lakini mwenye pointi 33 anaweza kuwa na D mbili tu, wakati mwenye 31 anaweza kuwa nazo nne. Mmoja anaomba, mwingine bado. Aliyepungukiwa akarisiti kwanza, maana hakuna mtu wa kumpenyeza, hata akiombwa pesa na anayejidai yupo.

Kisha fungua mwongozo wa udahili wa mwaka husika wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi Tanzania. Hutolewa kila mwaka na unaonyesha chuo, kozi, sifa za kuingia, nafasi na ada. Tafuta jina la kozi, usiridhike na jina la chuo peke yake, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi unayoitaka haimo. Kwa upande wa umma kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) pale Dar es Salaam tangu 1972, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichoanza 1965, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) yenye kampasi mikoani, na Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro. Kozi za fedha, uhasibu na bima huombwa moja kwa moja chuoni. Ule mfumo wa pamoja wa maombi wa NACTVET unaosikika sana ni wa wenzetu wa afya.

Hapa niseme ukweli. Astashahada peke yake ni ngumu kukufikisha dirishani kwenye benki kubwa, kwani huko unashindana na wenye shahada wanaotafuta kazi ileile. Inakopokelewa vizuri ni kwenye SACCOS, kampuni za mikopo midogo, ofisi za mawakala wa bima na kwa mawakala wa benki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwapanga watoa huduma hao katika madaraja manne, hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na tangu hapo leseni na vitabu vilivyonyooka si hiari tena. Mtu anayejua kufunga hesabu za siku bila kupungukiwa shilingi anatafutwa. Ngazi ya 4 ni mwaka mmoja. Ukiongeza miwili unatoka na stashahada, NTA ngazi ya 6. Mimi ningeomba chuo chenye ngazi zote hizo, nisije nikahama katikati.

Sasa nyaraka: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne au matokeo, picha ya paspoti, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kama unayo. Viweke mezani, usome jina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma na cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Hamisi, mashine haijui kwamba ni wewe. Tofauti ndogo hutengenezewa hati ya kiapo kwa wakili; jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Maliza hilo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Ndipo ufungue akaunti kwenye tovuti ya chuo. Weka namba ya mtihani na mwaka, mfumo uvute matokeo wenyewe. Ukienda steshenari kujaziwa, simama nyuma ya kiti uangalie. Mdogo wangu wa kike alijaziwa na kijana mmoja aliyeweka barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu, “ili iwe rahisi.” Wiki tatu baadaye ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu ya yule kijana, naye alishahamisha biashara. Tuliishia kupanda basi kwenda ofisi ya udahili kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye maombi. Simu iwe yako, nywila uiandike mahali.

Chuo cha umma kitakupa kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unayolipia benki au kwenye simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Ukiambiwa utume ada ya maombi kwenye namba ya mtu, ondoka. Ukishalipa, rudi kwenye akaunti, chagua kozi kwa mpangilio wa unavyozitaka, ubonyeze kuwasilisha. Wengi hulipa wakadhani wamemaliza, kumbe fomu imebaki rasimu. Piga picha ya skrini inayoonyesha imepokelewa.

Ukichaguliwa, pakua maelekezo ya kujiunga. Ndani yake kuna mgawanyo wa ada kwa awamu, fomu ya daktari na tarehe ya kuripoti. Ukichaguliwa vyuo viwili, kubali kimoja na ukiarifu kingine mapema.

Na kabla ya kumwambia mzee kwamba serikali italipa: mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilipofunguliwa kwa stashahada mwaka 2023/24, ilikuwa kwa fani za kipaumbele kama afya na ualimu. Panga ada ya mwaka wa kwanza kutoka mfukoni.