Kuchagua feni ya kutolea hewa kwa chumba kidogo cha uyoga, Unguja na Pemba

Hesabu zote hapa ni za chumba cha ndani chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2.5 na dari ya mita 2.4, kinachooteshwa uyoga wa mamama (oyster). Kama chako ni tofauti, badilisha vipimo, njia ni ile ile.

Pangaboi usilihesabu. Linaizungusha hewa ile ile na kukausha mifuko ya kuoteshea uyoga, na hewa ukaa inabaki ndani. Uyoga si mchicha: hauli hewa ukaa, unaitoa, na ikizidi shina linarefuka na kofia inabaki ndogo kama kifungo. Kinachotakiwa ni feni ya kuivuta hewa chafu na kuitupa nje.

Hatua ya 1: Piga hesabu

3 × 2.5 × 2.4 ni mita za ujazo 18. Wakati uyoga unachomoza, hewa yote ibadilishwe kama mara 6 kwa saa: 18 × 6 = 108. Wavu, shata na kona za bomba hula nguvu ya feni, kwa hiyo zidisha kwa 1.5. Unapata mita za ujazo 162 kwa saa. Boksi likiandika CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha namba hiyo kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa; 162 ni sawa na CFM 95 hivi.

Mifuko ikiwa bado inatanda utando mweupe, hewa kidogo tu inatosha. Usinunue feni kwa kipimo cha kipindi hicho.

Hatua ya 2: Chagua aina

Namba ya kwenye boksi imepimwa feni ikiwa wazi, haina kizuizi chochote. Feni ndogo ya chooni ya inchi 4 nyingi hutoa karibu mita za ujazo 90 hadi 100 kwa saa, tena bila wavu. Kwa chumba hiki haifai, hata muuzaji akikuapia.

Ukiweza kuifunga moja kwa moja ukutani, chukua feni ya ukutani ya inchi 6 yenye 250 au zaidi. Ukilazimika kupitisha hewa kwenye bomba lenye kona, panga za kawaida zitazunguka bila kusukuma kitu. Hapo nunua feni ya ndani ya bomba, ile ya duara inayoungwa katikati ya bomba, kwa sababu hiyo inahimili kizuizi.

Kisha kagua mwili wake. Chumba kina unyevu wa asilimia 80 hadi 90 na nje kuna chumvi ya bahari, hivyo skrubu za chuma cha kawaida huota kutu upesi. Tafuta mwili wa plastiki, beringi za gololi, na alama ya IPX4 (inahimili maji ya kurukia) au zaidi.

Hatua ya 3: Mahali pa kufunga

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Feni ikitazama mashariki itapigana na upepo karibu mwaka mzima. Ifunge ukuta wa magharibi, juu karibu na dari, na tundu la kuingiza hewa liwe mashariki, chini, kona ya mkabala. Wako wanaosema hewa ukaa ni nzito kwa hiyo feni ikae chini. Hewa ya chumbani huchanganyika. Joto ndilo linalokaa juu.

Tundu la kuingiza hewa liwe sentimita 30 kwa 30, na wavu wa mbu wa kuzuia inzi. Wavu huziba karibu nusu ya nafasi, ndiyo maana lisiwe dogo. Weka kinga ya mvua kwa nje.

Ukuta wa mawe ya matumbawe usiutoboe ovyo. Ondoa kioo cha dirisha, weka ubao, ukate tundu kwenye ubao. Na kwa nyumba ya Mji Mkongwe kutoboa ukuta kunahitaji kibali.

Hatua ya 4: Taima

Feni ya 250, ukishatoa hasara, inabaki na 165 hivi. Dakika 45 kwa kila saa zinatoa 124, zinatosha. Taima ya vipini vya robo saa inafanya kazi hii: vitatu washa, kimoja zima. Feni ya wati 25 kwa mpango huo hula karibu yuniti 13.5 za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kwa mwezi. Usipunguze kasi kwa swichi ya kufifisha taa. Mota huvuma na kupata moto.

Feni haipoozi chumba chini ya joto la nje. Miezi ya kaskazi, iache izunguke mfululizo usiku, na mchana mwagia maji mchanga wa sakafuni.

Hatua ya 5: Jaribu kwa udi

Funga mlango, washa feni, shika kijiti cha udi kwenye tundu la kuingiza hewa. Moshi uvutwe ndani bila kusita. Ukivutwa zaidi chini ya mlango, ziba pale kwanza.

Baadaye uyoga wenyewe utakuambia. Kofia zikipasuka na kukauka kingoni, hewa imezidi: toa kipini kimoja. Zikiwa na maji juu na madoa ya kahawia, unanyunyizia maji mengi kuliko hewa inavyoweza kukausha.

Vumbi jeupe la uyoga hunata kwenye panga na kupunguza nguvu ya feni. Kila wiki zima umeme ukutani, vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi hilo huwasha kifua, kwa hiyo feni isitupe hewa kuelekea dirisha la jirani.