Somo: Damu ya utafiti wa protini huharibikia njiani

Plazma safi, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, huwa ya njano hafifu. Juzi nimefungua sanduku lililotoka kliniki moja huku Kasese, nikakuta mirija sita ina rangi ya rozela. Chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga himoglobini, na protini nyingine za ndani yake zimechanganyika na zile tunazozitafuta. Watu sita wametoa damu yao bure. Imeniuma.

1. Kamba ya mkononi isizidi dakika moja. Spiriti ikauke kabla hujadunga.

2. Mrija wa kifuniko cha zambarau (wenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda) ujae hadi alama, kisha uupindue polepole mara 8 hadi 10. Usiutikise kama dawa ya maji.

3. Mrija wa seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda yenyewe) usimame dakika 30 hadi 60 damu igande. Damu ikiganda, chembe sahani (vile vidogo vinavyosaidia damu kuganda) humwaga protini zake, kwa mfano VEGF (protini inayochochea mishipa ya damu kuota), kwa hiyo seramu huonyesha nyingi kuliko plazma ya mtu yuleyule. Utafiti uchague moja tangu mwanzo.

4. Zungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha plazma na chembe. Ukivuta plazma, usiguse lile tabaka jeupe la chembe nyeupe na chembe sahani, lililo kati ya plazma na chembe nyekundu. Bora ubakize kidogo. Gawa kwenye vichupa, gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri.

5. Andika saa ya kuchota, ya kuzungusha na ya kugandisha. Andika ukweli, hata kama boda ilipata pancha. Mrija uliochelewa na ukaandikwa hivyo tunaweza kuutenga. Ukidanganya, ucheleweshaji wako utasomwa kama ugonjwa wa mtu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, umeme ukikatika kabla sijazungusha?
Simamisha mirija kivulini, isigusane na barafu, maana damu ikigandishwa na baridi kabla ya kutenganishwa, chembe hupasuka. Umeme ukirudi zungusha mara moja, na uandike ilikaa muda gani.

Friza yetu ni ndogo. Kwa nini vichupa vingi, si kimoja kikubwa?
Kila ukiyeyusha na kugandisha tena, baadhi ya protini huharibika. Kichupa kimoja kiyeyushwe mara moja tu, dada.

Nikiona plazma nyekundu, niitupe?
Usiitupe kimyakimya, kaka. Iandike, wajulishe wa maabara. Kama utaratibu wa utafiti unaruhusu na mgonjwa bado yuko kwenye benchi, mweleze kilichotokea, umwombe upya. Akikataa, mshukuru aende zake.