Boga kubwa katika ua mdogo: somo la kikundi cha bustani, Lamu

Ua wa nyumba ya mjini Lamu haupanuki, kwa hiyo lazima tubane mahali pengine. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inabeba mmea mmoja wa boga, na mmea huo ubebe boga moja. Nani atang'oa viboga vinginevyo bila huruma? Huyo ndiye atakayepata kubwa.

*Mbegu.* Maboga yanayovunja rekodi duniani ni ya aina ya Atlantic Giant, aliyoiendeleza mkulima Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Mwaka 2023 moja lilipimwa California, Marekani, likafika kilo 1,247. Tusidanganyane: hayo hupewa shamba lake peke yake. Ukikosa mbegu hizo, nunua sokoni boga kubwa kuliko yote utakayoona, lililokomaa, utoe mbegu nono.

*Wakati.* Panda mwishoni mwa Mei, mvua kubwa za masika zikianza kulegea. Boga litanenepa Julai na Agosti, kusi ikivuma na joto limepungua. Maua yakifunguka wakati wa kaskazi, joto la Februari na Machi huharibu chavua, yaani unga wa ua dume, na viboga hupukutika. Kuta zetu za mawe zitakukinga na upepo.

*Shimo.* Hapa usione uvivu. Chimba upana wa mita 1, kina nusu mita, utoe vipande vya matumbawe. Mchanga wetu haushiki maji wala chakula, kwa hiyo nusu ya kinachorudi shimoni iwe samadi ya punda na mboji. Samadi mji huu hatununui! Lakini iache ioze miezi kadhaa, ibadilike rangi na isinuke tena. Mbichi huunguza mizizi na huleta magugu. Mwani wa ufukweni unafaa pia, ukisuuzwa chumvi vizuri.

*Maji.* Onja maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Yakiwa na ladha ya chumvi, tumia ya mvua kutoka jabia, birika la kuhifadhia maji. Mwagia chini asubuhi, majani yabaki makavu.

*Shina.* Liongoze shina kuu lizunguke kufuata ukuta. Fukia vifundo vyake, pale panapoota majani, kwa udongo, kila kimoja kitatoa mizizi na kulisha boga. Matawi ya pembeni yakate yakifika mita moja. Ncha hizo ni mboga, zipikwe kwa tui.

*Kuchavusha.* Ukitoka swala ya alfajiri, pitia bustani. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, na hufunguka asubuhi moja tu. Chuma ua dume, ng'oa petali zake, usugue chavua katikati ya ua jike. Chagua jike lililo kama mita 3 kutoka mahali mmea ulipopandwa. Chavusha mawili matatu, uyatazame kwa wiki mbili, kisha ubakishe linalokua upesi.

*Kulilea.* Liweke juu ya mchanga mkavu. Juu tandaza kipande cha makuti, maana ganda likipigwa na jua hukomaa mapema, na likishagumu huku ndani bado linatanuka, hupasuka. Vifundo vilivyo karibu na kikonyo usivifukie: boga hupanda juu likikua, na shina lisipoweza kuinuka nalo, kikonyo kitakatika.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja wa Langoni: Majani yangu yana unga mweupe, nimwage mmea?*
La, mama. Huo ni ukungu. Kata majani yaliyozidi, upepo upite, kisha nyunyiza dawa ya salfa jioni. Ukinyunyiza jua likiwaka, dawa itaunguza majani.

*Kijana wa Mokowe: Viboga vinaoza vikiwa kama ngumi, ukipasua utakuta funza.*
Ni nzi wa matunda. Ua likishachavushwa, funika kiboga kwa kitambaa chepesi cha chandarua kuukuu hadi ganda ligumu. Vilivyooza usivitupe kwenye mboji. Vifunge ndani ya mfuko mzito, uuache juani.

*Nitajuaje linakua, na mizani sina?*
Futi ya fundi cherehani inatosha. Zungushia kiunoni mwa boga, kisha pima juu kwa urefu na kwa upana, ujumlishe. Andika kila jioni. Jumla ikikaa vile vile siku kadhaa, ni wakati wa kukata.

*Shangazi wa Mkomani: Linaliwa?*
Linaliwa, shangazi, lakini ni la majimaji na halina utamu. Boga la nazi la Ramadhani pika la kawaida. Hili kubwa toa mbegu, kaanga.

*Nikihifadhi mbegu zake, mwakani litatoka kubwa hivi?*
Si lazima: nyuki huleta chavua ya maboga ya jirani, ukoo ukachanganyika. Jioni ya kabla ya maua kufunguka, funga kwa uzi ncha za ua jike na ua dume. Asubuhi fungua, chavusha, ulifunge tena lile jike.