Kugeuza video ya harusi kuwa DVD inayosoma kwenye deki

Mteja akirudisha CD na kusema haisomi, mara nyingi CD yenyewe ni nzima. Tatizo ni kilichochomwa ndani. Faili la MP4 limechukuliwa kwenye kamera au simu, likatupwa kwenye DVD tupu kama data, na kwa kuwa kompyuta ya dukani Ngamiani, mjini Tanga, imelifungua, kazi ikahesabiwa imekwisha. Deki ya zamani iliyoko kwa bibi harusi kule Muheza au Pangani hailijui faili hilo. Na kubadili herufi za mwisho za jina, kutoka .mp4 kwenda .mpg, hakubadili kitu: video ndani ni ileile.

Deki ya DVD inataka picha ya MPEG-2 yenye ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde (Tanzania tunatumia mfumo wa picha wa PAL, hivyo usichague NTSC, ule wa Marekani, hata programu ikikuchagulia), na sauti ya AC-3 au PCM yenye 48 kHz. Vyote vikae ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. Kikikosekana kimoja, deki inaweza kukataa, au kuonyesha picha bila sauti.

Programu tatu za bure zinatosha: FFmpeg ya kugeuza, DVDStyler ya kutengeneza menyu na folda, ImgBurn ya kuchoma. HandBrake ni nzuri, lakini hapa haifai, kwa sababu inatoa MP4 na MKV, haitoi DVD. Acha nafasi ya GB 20 kwenye kompyuta kabla ya kuanza.

Anza na hesabu ya dakika

Hapa ndipo ubora wa kazi unapoamuliwa, na ndipo wengi wanaporuka. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini Windows itaionyesha kama 4.37, kwa sababu inahesabu kwa 1024 badala ya 1000. Ukiacha akiba kidogo kwa ajili ya menyu, chukua kilobiti 35,000,000, gawanya kwa urefu wa video kwa sekunde, kisha toa 192 za sauti. Video ya saa 2 ni sekunde 7,200: unapata 4,861, ukitoa 192 zinabaki 4,669. Hizo ndizo kilobiti za picha kwa kila sekunde; kwenye amri ya kugeuza hapo chini weka 4600. Ya dakika 90 itabeba 6200. Ya saa 1 hesabu itakupa zaidi ya 9000, lakini usipite 8000: kiwango cha DVD kinaruhusu picha hadi 9800, ila deki zilizochoka hukwama kwenye diski za kuchoma zinapolishwa kwa kasi hiyo.

Saa 3 zinaangukia karibu 3000. Hotuba za wazee zitapita salama, lakini taarabu ikianza, watu wakicheza chini ya taa zinazowaka na kuzima, picha itakatika vipande vya mraba. Kwa urefu huo gawa kazi kwenye diski mbili: ndoa na singo kwenye ya kwanza, ukumbi kwenye ya pili. Kuna diski za tabaka mbili za GB 8.5, lakini deki nyingi za zamani zinazisoma kwa shida, na zikiharibika hasara ni kubwa zaidi.

Kugeuza

Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye video, andika:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4600k -maxrate 8000k -b:a 192k -ac 2 harusi.mpg

Sehemu ya pal-dvd inapanga yenyewe ukubwa, fremu na sauti ya 48 kHz. Badilisha 4600 tu kufuatana na hesabu yako. Usiondoe -b:a 192k. Ukiiondoa, sauti itachukua 448 na faili halitaenea kwenye diski.

Video za simu zina matata mawili. La kwanza, simu nyingi hazirekodi kwa fremu zinazolingana. Zinapanda na kushuka kufuatana na mwanga, na mwishoni midomo inasema neno na sauti inafika baadaye. Ongeza -af aresample=async=1 kabla ya jina la faili la mwisho, kisha kagua dakika za mwisho, si za mwanzo, kwa sababu mwanzoni kosa halionekani. La pili ni video iliyopigwa simu ikiwa imesimama wima. Ukiigeuza kama ilivyo, bwana harusi ananenepa kama pipa. Tumia hii, mahali hapohapo kwenye amri, iongeze weusi pembeni:

-vf "scale=-2:1080,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:0,setsar=1"

Kamera za mkononi zinazotoa mafaili ya MTS mara nyingi hurekodi kwa mistari iliyopishana. Ukiona mistari kama meno ya kitana kwenye kingo za mtu anayetembea, ongeza -vf yadif. Na kama video imekuja kwa WhatsApp, mwombe mwenyewe aitume upya kama dokumenti, au aje na simu na waya. Ile iliyobanwa na WhatsApp haiwezi kurudishiwa ubora.

Menyu na kuchoma

Kwenye DVDStyler anzisha mradi mpya, chagua PAL, 16:9, ingiza harusi.mpg, halafu kwenye sifa zake weka picha na sauti kuwa "Copy". Ukisahau hatua hii programu itageuza upya kazi uliyokwisha kuifanya, muda upotee na picha ififie. Weka sura (vituo vya kurukia) kila dakika 10, au bora zaidi kwa matukio. Majina ya maharusi yasikaribie ukingo: TV za chogo hukata pembeni, hivyo acha angalau asilimia 10 kila upande.

Usichome moja kwa moja. Tengeneza faili la ISO kwanza, yaani faili moja lenye diski nzima, lifungue kwa VLC, bonyeza kila kitufe cha menyu. Ukitaka kulihamisha kwa flashi, kumbuka flashi ya FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Ifomati iwe exFAT.

ImgBurn: chagua kuandika ISO kwenye diski, kasi 8x, acha alama kwenye "Verify" ili ikague diski baada ya kuchoma. Kasi ya 16x huzalisha makosa mengi ukingoni, yaani mwisho wa sherehe ndipo picha inapoganda. Kwa deki za zamani DVD-R husomeka vizuri kuliko DVD+R. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo ni ya kutupa, kwa hiyo kompyuta ya mezani iwe na UPS (betri ya akiba). Kabla ya kutoa nakala 30, jaribu ya kwanza kwenye deki halisi, ile kuukuu, na uruke hadi mwisho kabisa.

Andika jina kwa maka peni laini, si kalamu ya wino yenye ncha. Usibandike stika: kwa joto na unyevu wa Tanga gundi huachia upande mmoja, diski ikayumba ndani ya deki. Zitunze zikiwa zimesimama kwenye kasha, mbali na dirisha linalopata upepo wa chumvi, na ISO ibaki kwenye diski ya nje walau mwaka mmoja, maana shangazi aliyeko Lushoto ataiomba nakala yake baadaye.