Sungura wa Angora: mpulize, usimkwangue kwa brashi

Kwa wanaofuga Angora, sungura wa manyoya marefu yanayovunwa kama sufu, huku Mwanza, ambako vumbi la kiangazi hunasa kwenye manyoya: mara mbili kwa wiki mpulizie kwa ile mashine ya mkononi ya kukaushia nywele, ikiwa kwenye hewa baridi tu. Kama haina kitufe cha baridi, iache saluni. Anza mapajani, umbali wa sentimita 10 hadi 15, ukipuliza kinyume na ulalo wa manyoya mpaka uone ngozi, kisha sogea taratibu kuelekea mabegani. Masikio, macho na pua usiguse. Dakika kumi zinatosha, asubuhi kabla jua halijapanda, maana sungura hawezi joto.

Hewa hutenganisha nyuzi na kutoa vumbi na nyasi bila kuvuta. Brashi hung'oa hata nyuzi ambazo hazijakomaa, na hiyo ndiyo sufu yako inayopotea. Nyuzi hukua kama sentimita mbili hivi kwa mwezi.

Kupuliza hakusaidii fundo la manyoya likishakaza, hasa kwapani na chini ya kidevu. Hapo pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu ya kitana. Ngozi ya sungura ni nyembamba, huchanika upesi. Manyoya yenye unyevu nayo usiyapulize huku ukiyasugua, yatashikana kama zulia. Na akiwa anapukutisha manyoya, kama wafanyavyo Angora wa Kiingereza na wa Kifaransa, vuna kwanza kwa vidole, la sivyo sufu yote itaishia kwa jirani.