SOMO: Rimu na matairi makubwa kwenye pikapu ya kawaida (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, habari za kazi. Swali la "rimu hizi zitakaa kwenye Hilux yangu?" limeletwa tena jana, limeletwa juzi, na kila msimu wa korosho ukikaribia linazidi maana watu wanashika hela. Nimechoka kulijibu vipande vipande. Naliweka lote hapa, na kuanzia leo atakayeuliza namwelekeza huku.

Niko Mtwara mjini. Gari yangu ni Hilux Vigo ya 4x4, haijainuliwa, na kazi yake ni shamba: salfa (dawa ya mikorosho) inakwenda, korosho inarudi. Mfano wangu mkubwa ni Hilux, ila njia ya kupima ni moja kwa pikapu zote.

Hatua ya 1. Fungua mlango wa dereva, soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Saizi ya tairi na upepo vipo hapo.

Hatua ya 2. Hesabu nati, halafu pima duara lake. Hilux ya 4x4 ni 6x139.7, yaani nati sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7. Ranger, L200 na D-Max ni hivyo hivyo. Navara D40 nayo ina nati sita, lakini duara lake ni 114.3, kwa hiyo haichangii rimu na hizo. Land Cruiser 79 za sasa ni nati tano kwenye 150.

Hatua ya 3. Tundu la katikati ya rimu. Hapa ndipo wengi wanapopigwa dukani, kwa sababu muuzaji anahesabu nati tu. Habu (kitovu kinachobeba rimu) ya Hilux ya 4x4 ina upana wa milimita 106. Rimu ya kiwandani ya Ranger ina tundu la 93.1, ya L200 ni 67.1. Nati zinalingana kabisa na bado rimu haipiti kwenye habu. Ukigeuza, rimu ya Hilux kwenye Ranger inaingia lakini inaelea, na hapo unahitaji pete ya katikati ya kujaza ile nafasi.

Hatua ya 4. Ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso wake unaokaa kwenye habu, kwa milimita. Imeandikwa ET nyuma ya rimu. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Ikiongezeka, inaingia ndani. Vigo yenye rimu ya 17x7.5 (kipenyo na upana kwa inchi) ina ET30. Ukiweka 17x8 yenye ET0, uso wa nje unasogea karibu milimita 36. Gari inapendeza, sikatai, lakini matope yote yanapanda milangoni, usukani unakuwa mzito na beringi zinabeba mzigo kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Kwa gari ya kazi mimi sishuki chini ya ET15.

Hatua ya 5. Saizi ya tairi. Zidisha upana kwa asilimia ya kimo, mara mbili, jumlisha rimu (inchi moja ni 25.4). Tairi la 265/65R17 (upana 265, kimo asilimia 65, rimu inchi 17) linakuja milimita 776. La 265/70R17 ni 803. Limezidi kwa asilimia 3.4, na gari imepanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13 au 14 tu. Anayetegemea tairi peke yake limnyanyue sana ajue hivyo mapema. La 285/70R17 ni 831: kwenye Vigo isiyoinuliwa litasugua raba ya matope ukikata kona yote, na ukibeba mzigo litasugua zaidi. Ushauri wangu ni kupanda saizi moja, usizidi hapo.

Hatua ya 6. Namba ya uzito, ile inayofuata saizi. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 95 ni kilo 690. Nimeona pikapu pale Mnazi Mmoja ina rimu za 20 zinameta, matairi membamba ya gari ndogo yenye 95, na gunia za korosho zimefika juu ya kebini. Piga hesabu mwenyewe: matairi mawili ya ekseli ya nyuma yanabeba kilo 1,380, na hapo hujatoa uzito wa gari yenyewe.

Hatua ya 7. Kabla hujalipa, pachika rimu tupu bila tairi, izungushe kwa mkono. Ikigusa kalipa ya breki, irudishe.

Hatua ya 8. NATI. Someni hii mara mbili.

Hilux yenye rimu za aloi za kiwandani inakuja na nati zenye shingo na washa bapa. Nati inakaa juu ya uso bapa. Rimu nyingi za kununua madukani zina tundu lililochongwa mteremko, zinataka nati yenye tako la koni. Nati za zamani zinaingia kwenye stadi (boliti za habu) zilezile na zinakazika vizuri tu, ndiyo maana hatari haionekani. Washa bapa juu ya koni inagusa ukingo mwembamba, na ukingo ule unaliwa kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka.

Mimi nilifungiwa hivyo. Fundi alikaza, mimi nimesimama pembeni natazama na sikujua cha kuuliza. Kesho yake nikapakia salfa kwenda Masasi. Nimeipita Mtama, usukani ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni balansi, nikapunguza mwendo nikaendelea, na hilo ndilo kosa langu kubwa zaidi ya yote. Kukaribia Nyangao nikasikia nyuma kushoto inagonga, tok, tok, kwa kufuatana na mwendo. Nikashuka. Kuzunguka kila nati kulikuwa na unga wa kijivu uliochanganyika na kutu, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nikashika nati kwa vidole viwili, ikazunguka. Stadi mbili zilikuwa zimekatika kabisa, moja haipo, na matundu ya rimu yamekuwa mviringo wa yai. Rimu ile haikurekebishika. Utingo wangu alikuwa amekaa juu ya mzigo upande uleule, na mpaka leo nikipita pale nakumbuka tulikuwa tumebakiza kilomita ngapi.

Kwa hiyo:
- Nunua nati za koni pamoja na rimu, siku hiyohiyo. Uzi wa stadi za Hilux ni M12x1.5.
- Paka chaki kwenye tako la nati, kaza, fungua. Chaki ikifutika duara zima, imekaa. Ikifutika mstari mwembamba au upande mmoja, usitoke gereji.
- Kaza kwa kuvuka: ya juu, ya chini yake, siyo kwa kufuatana.
- Nguvu ni karibu Nm 110. Ukiwa huna spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ni kama kusukuma kilo 22 mwisho wa mkono wa nusu mita. Kukanyaga spana kwa mguu kunavuta stadi.
- Ukitembea kilomita 50 mpaka 100, simama ukaze tena. Ukitokea Mtwara kuelekea Lindi, simama Mnazi Mmoja.
- Usukani ukitetemeka baada ya kubadili rimu, simama HAPO HAPO.

Hatua ya 9. Spea iwe saizi moja na yale manne. Tairi la kimo tofauti kwenye ekseli ya nyuma linaitesa difu.

Hatua ya 10. Alaimenti na balansi.

MASWALI

Kijana wa Chikongola: Mkuu nimepata rimu za Ranger nati 6 bei poa, zitaingia kwenye Vigo? Jibu haraka fundi ananisubiri.

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Chikongola: Sijapata muda wa kusoma mkuu, we sema ndiyo au hapana.

Jibu: Hapana.

Kijana wa Chikongola: Fundi anasema tundu linachongwa.

Jibu: Likichongwa kwa mashine linaingia. Ofseti ya Ranger ni 55, ya kwako 30, kwa hiyo rimu inazama ndani milimita 25 kuelekea mikono ya saspensheni. Fundi hatakuwepo siku ikigusa. Soma somo, dakika kumi tu.

Mama Mazao, Nachingwea: Shikamoo kaka. Asante kwa somo. Nina Land Cruiser 79 ya kukusanyia ufuta, ina yale matairi membamba ya 7.50R16. Vijana wangu wananiambia niweke mapana ili nisikwame masika njia ya Liwale. Ila naona magari ya zamani yote yalikuwa na membamba na yalikuwa yanapita. Kwa nini?

Jibu: Marahaba dada, umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Inategemea chini kuna nini. Kwenye tope lenye udongo mgumu chini yake, tairi jembamba linakata tope na kushika ule ugumu, wakati pana linaelea juu na kuteleza. Kwenye mchanga mkavu chini hakuna pa kushika, hapo unataka kuelea, na pana linashinda. Kwa njia yako baki na membamba, hela yako iweke kwenye meno mapya. Na ukisikia rimu "za nati sita za Land Cruiser", usinunue, yako ni nati tano.

Dereva wa Kilwa Road: Nina 285/70R17. Trafiki kanipiga tochi 54 na mimi mshale wangu ulikuwa 50. Nimeonewa?

Jibu: Hapana. Tairi lako limezidi asilimia 7, kwa hiyo mshale ukisema 50 gari inaweza kuwa inakwenda 53 na ushei. Washa GPS ya simu, linganisha mara moja, ujue tofauti yako. Kwenye maeneo ya makazi uwe chini ya mshale wa 46.

Mkulima Newala: Na ulaji wa mafuta? Nikipanda mlima kutokea Masasi gari imekuwa nzito tangu nibadili.

Jibu: Tairi kubwa ni sawa na kurefusha gia. Panda kwa gia moja ya chini kuliko ulivyozoea. Pia pima uzito wa rimu, kuna za chuma nzito sana.

Mvuvi Mikindani: Mkuu, Msimbati Jumapili tulizama mchangani mpaka ekseli. Upepo ulikuwa psi 35.

Jibu: Shusha mpaka 18 kabla hujaingia mchangani, usisubiri kuzama. Usikate kona kwa nguvu, tairi litavuka ukingo wa rimu. Ukirudi kwenye lami jaza kwanza ndipo ukimbie. Halafu osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi inagandisha rimu ya aloi kwenye habu. Paka grisi nyepesi kwenye mdomo wa habu tu, kwenye uzi wa stadi usipake. Na mnyororo wa spea nao ushushe upake oili, wa kwangu uliwahi kugoma.

Mvuvi Mikindani: Nimejaribu sasa hivi. Haushuki.

Jibu: Usilazimishe. Mwagia oili nyepesi pale juu ya puli, acha ilale usiku kucha. Asubuhi zungusha nusu mduara mbele, nusu nyuma, mara nyingi, mtu mwingine akigongagonga chini kwa nyundo ya mbao. Weka kitu chini ya spea kabla hujaanza, ikidondoka isimwangukie mtu mguuni.